Bakuli la Atomi Ishirini

Mwaka 1966 wakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, Wayne Barth na Richard Lawton, walitangaza kwamba wametengeneza molekuli ambayo kwa mazoea ya siku zile ilikuwa imekaa vibaya. Ilikuwa na atomi 20 za kaboni na 10 za hidrojeni. Kaboni zake zilijipanga katika pete sita: pembetano moja katikati, na pembesita tano zilizoizunguka. Kuitengeneza kulichukua hatua 17, moja baada ya nyingine, na katika kazi ya namna hiyo kila hatua hula sehemu ya kilichopatikana katika hatua iliyotangulia. Kilichofika mwisho kilikuwa kidogo sana. Lakini kilifika.

Kukaa vibaya kwake kulitokana na ile pembetano. Benzeni na jamaa zake zote huchorwa bapa, na sababu ipo. Pembe ya ndani ya pembesita ni nyuzi 120. Kutanisha pembesita tatu kwenye nukta moja, unapata 360, duara limetimia, hakuna pengo wala mwinuko. Ndivyo ilivyo grafaiti iliyomo ndani ya penseli, tabaka juu ya tabaka la pembesita zilizolala. Pembe ya pembetano ni nyuzi 108. Iweke kati ya pembesita mbili, jumla ni 348. Nyuzi 12 hazipo. Ukitaka kingo zikutane, lazima kitu kiinuke kutoka mezani. Ukiizungushia pembetano pembesita tano na kuzifunga zote, kilichokuwa bapa kinakuwa bakuli.

Na kaboni za jamii ya benzeni hazipendi kuinuliwa. Uimara wao unatokana na elektroni zinazotandaa juu na chini ya pete, wingu moja linalogawanywa na atomi zote. Pete ikiwa bapa, mawingu ya atomi jirani yanasimama sambamba na kuungana vizuri. Ukiipinda, yanaegemea pande tofauti, na molekuli inalipia mpindo huo kwa nishati. Wanafunzi wa kemia walifundishwa hivyo, na michoro ya vitabuni ilifuata hivyo hivyo.

Barth na Lawton hawakutafuta bakuli kwa ajili ya bakuli. Walikuwa na hoja ya elektroni. Katika molekuli yao, atomi 5 ziko kitovuni na 15 ukingoni, na kila moja huchangia elektroni moja katika lile wingu. Wakemia wanajua tangu miaka ya 1930 kwamba pete yenye elektroni 6 za namna hiyo hutulia, na yenye 14 pia. 5 na 15 hazimo katika orodha. Je, kama elektroni moja ingehama kutoka ukingoni kwenda kitovuni? Kitovu kingekuwa na 6, ukingo 14, pete ndani ya pete, zote mbili zimetulia. Jina waliloipa molekuli, koranuleni, lilitokana na maneno ya Kilatini ya moyo na pete. Hoja ilipendeza. Mahesabu yaliyokuja baadaye yaliitilia shaka, lakini hapo molekuli ilikuwa imeshapatikana, na hoja ikishindwa chupa haimwagwi.

Namna walivyoijenga ndiyo sehemu inayonivutia zaidi katika historia hii, kwa sababu karibu miaka 40 baadaye watu wa Osaka waliirudia. Barth na Lawton hawakuchukua kitu bapa wakakikunja. Kaboni iliyoshiba hidrojeni haina haja ya kulala bapa. Vifungo vyake vinne huelekea pande nne, na mifupa inayojengwa nayo hupindika bila taabu. Basi waliijenga mifupa ya bakuli pete kwa pete ikiwa bado na hidrojeni za ziada. Pete zote zilipofungwa, kila moja mahali pake, ndipo wakaziondoa hidrojeni zile kwa kichocheo cha paladiamu, na wingu la elektroni likatanda juu ya kitu kilichokwisha kupinda. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na sidhani kama kuna maabara iliyoutii usemi huo kuliko ile ya Ann Arbor.

Baada ya hapo, kimya. Hatua 17 ni nyingi mno kwa mtu anayetaka gramu moja tu ya kuchezea. Kwa robo karne hapakutokea njia fupi zaidi, na waliojaribu waliishia njiani. Mwaka 1976 hata hivyo, Hanson na Nordman walichapisha umbo la fuwele la koranuleni lililopimwa kwa eksirei, na bakuli likathibitika kwa vipimo: kutoka kitovuni hadi usawa wa mdomo, kina chake ni nanomita 0.087, yaani kama asilimia 60 ya urefu wa kifungo kimoja cha kaboni na kaboni. Bakuli la kina kifupi, lakini bakuli.

Miaka sita kabla ya hapo, huko Japani, mtu mmoja alikuwa ameiangalia koranuleni kwa jicho jingine. Eiji Osawa alikuwa mkemia kijana, na mwanawe alikuwa na mpira wa miguu. Mwaka 1970 ndio mwaka wa Kombe la Dunia la Mexico, na mpira wa siku zile ni ule wa vipande vyeusi na vyeupe: pembetano 12 nyeusi, pembesita 20 nyeupe. Tazama kipande chochote cheusi: kimezungukwa na vyeupe vitano. Hiyo ni koranuleni, imeshonwa kwa ngozi. Osawa akajiuliza, kama kipande cha mpira kinawezekana kwa kaboni, kwa nini usiwezekane mpira mzima? Ukihesabu mahali mishono inapokutana, unapata nukta 60. Atomi 60 za kaboni, tufe tupu ndani, hakuna hidrojeni hata moja.

Aliliandika wazo hilo katika jarida la Kagaku, kwa Kijapani. Huko Urusi ya Kisovyeti, mwaka 1973, Bochvar na Galpern nao walifanya mahesabu ya molekuli hiyohiyo, kwa Kirusi. Ulaya Magharibi na Marekani hakuna aliyeshtuka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa kirefu jinsi wazo linavyoweza kukaa miaka 15 katika lugha ambayo wakubwa hawaisomi.

Mpira wenyewe ulipatikana na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Harry Kroto wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alikuwa akichunguza minyororo mirefu ya kaboni angani, na alishuku kwamba inatengenezwa katika angahewa za nyota kubwa nyekundu. Alitaka kuiga hali hiyo ardhini. Richard Smalley wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, alikuwa na mtambo unaofaa: leza inalipiga bamba la grafaiti, kaboni inaruka kama mvuke, heliamu inaubeba na kuupoza mvuke huo, na vishada vya atomi vinavyojikusanya vinapimwa uzito. Robert Curl, mwenyeji mwingine wa Rice, aliwaunganisha wawili hao. Mwanzoni mwa Septemba 1985, Kroto akiwa Houston na wanafunzi James Heath, Sean O'Brien na Yuan Liu wakiwa kwenye mtambo, kwenye karatasi ya vipimo ikatokea alama moja iliyozipita nyingine zote. Atomi 60. Wanafunzi wakaendelea kubadili hali ya heliamu na muda, hadi zile jirani zikawa hazina maana na 60 ikabaki imesimama peke yake, ikifuatwa kwa mbali na 70.

Kwa nini 60? Grafaiti iliyokatika ingekuwa na kingo, na kingo za kaboni zina vifungo vinavyoning'inia, tayari kunasa atomi yoyote inayopita. Kitu hiki hakikunasa chochote. Lazima kiwe hakina ukingo. Kroto alikumbuka lile kuba kubwa la mbunifu Buckminster Fuller kwenye maonyesho ya Montreal ya mwaka 1967, na pia mfano wa anga ya nyota aliowahi kuwatengenezea wanawe kwa karatasi, ambao alidhani ulikuwa na pembetano pamoja na pembesita.

Usiku mmoja Smalley alikaa nyumbani na karatasi, mkasi na gundi. Kwanza alikata pembesita tupu akajaribu kuzilazimisha zijikunje. Hazikukubali bila udanganyifu. Kisha akakumbuka maneno ya Kroto, akakata pembetano moja, akaizungushia pembesita tano. Karatasi ikainuka yenyewe mkononi mwake ikawa bakuli. Bila kujua, alikuwa ameshika koranuleni ya Michigan. Akaendelea kuongeza, pembetano baada ya pembetano, hadi zilipofika 12 na tufe likajifunga. Akahesabu nukta: 60. Asubuhi aliwatupia wenzake tufe lile la karatasi mezani. Walipompigia simu mkuu wa idara ya hisabati, William Veech, kumwuliza umbo hilo linaitwaje, jibu lililorudi ni kwamba walichonacho ni mpira wa miguu.

Taarifa yao ilitoka katika Nature tarehe 14 Novemba 1985, na mwaka 1996 Curl, Kroto na Smalley wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Osawa hakuwamo. Namba 12, kwa njia, haikuwa bahati ya Smalley. Mwanahisabati Euler alishaifungia hesabu katika karne ya 18: tufe lolote lililojengwa kwa pembetano na pembesita peke yake, tatu zikikutana kila nukta, lazima liwe na pembetano 12, si 11 wala 13, hata ukiongeza pembesita elfu.

Kwa miaka mitano mpira huo ulibaki kuwa alama kwenye karatasi ya vipimo; hakuna aliyeuona kwa macho. Kisha Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg na Donald Huffman wa Tucson, Arizona, pamoja na wanafunzi wao Konstantinos Fostiropoulos na Lowell Lamb, wakachoma vijiti vya grafaiti kwa umeme ndani ya heliamu, wakakusanya masizi, wakayakoroga katika benzeni. Benzeni ikageuka nyekundu. Masizi mengine yalizama chini, mipira iliyeyuka. Hiyo ilikuwa mwaka 1990, na kuanzia hapo maabara yoyote yenye mashine ya umeme na subira iliweza kuwa na mipira hiyo, iitwayo fulereni, kwa gramu.

Hapo mtu angedhani bakuli limepitwa na wakati. Nani atahangaika na kipande wakati mpira mzima unachotwa kutoka kwenye masizi? Ilikuwa kinyume. Mpira umefungwa, mgongo wake unaguswa, tumbo lake haliguswi. Bakuli lina nyuso mbili zote wazi, na lina mdomo wa kuning'inizia vitu. Tena masizi hayamwambii mtu ni nani aliyejifunga na nani. Wakemia wa kujenga walitaka kujua kama mpindo unaweza kuongozwa kwa mkono.

Lawrence Scott, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Nevada mjini Reno, alichagua moto. Mwaka 1991 yeye na wenzake walianza na fluoranteni, kitu bapa cha pete nne kinachopatikana hata katika lami ya makaa ya mawe. Kina kaboni 16. Walikipachika mikono miwili ya kaboni mbilimbili, wakapata 20. Zimebaki pete mbili za kufunga, lakini katika molekuli bapa ncha za mikono ziko mbali na mahali zinapopaswa kushika. Kwenye chupa ya kawaida zingekaa hivyo milele. Scott aliigeuza kuwa mvuke ndani ya ombwe na kuipitisha katika bomba la kwatzi lililopashwa joto la nyuzi 1,000 hivi za sentigredi. Katika joto hilo molekuli haikai bapa. Inatikisika na kujikunja kila upande, na katika moja ya mikunjo hiyo, kwa muda ulio sehemu ndogo ya sekunde, ncha inafika, inashika, pete inafunga. Mvuke unatoka upande wa pili na kugonga ukuta wa baridi kabla haujapata nafasi ya kuharibika. Sehemu kubwa huungua njiani. Kinachobaki ni koranuleni, kwa hatua chache badala ya 17.

Miaka miwili baadaye Arthur Lafleur, Jack Howard na wenzao wa MIT waliikuta koranuleni ndani ya miali ya moto wenye masizi, hata ile isiyotoa fulereni. Moto ulikuwa ukiitengeneza tangu zamani bila kuhesabu hatua.

Scott alipokuwa na koranuleni ya kutosha, aliuliza swali ambalo Barth na Lawton hawakuwa na njia rahisi ya kulijibu. Bakuli hili limetulia? Au kitovu kinaweza kusukumwa kikapita usawa wa mdomo, ndani ikawa nje na nje ikawa ndani? Kwa koranuleni tupu huwezi kujua, kwa sababu bakuli lililopinduka linafanana kabisa na lile la awali. Wakaliwekea alama. Ukingoni walipachika kaboni moja yenye vikundi viwili pacha vya methili. Bakuli likiwa limetulia, pacha hawa hawakai katika mazingira sawa, na ndani ya sumaku kubwa inayosoma viini vya hidrojeni kila mmoja anatoa ishara yake. Bakuli likijipindua, wanabadilishana nafasi. Likijipindua haraka kuliko mashine inavyoweza kutofautisha, ishara mbili zinaonekana kama moja.

Katika joto la kawaida ilionekana moja. Wakaipoza sampuli, makumi ya nyuzi chini ya sifuri, na ishara ikaanza kunenepa, ikapasuka, zikawa mbili. Kutokana na joto la kupasuka huko walikokotoa kizingiti cha nishati, kilokalori 10 hivi kwa moli, na kutoka hapo kasi: katika joto la kawaida bakuli la koranuleni linajipindua zaidi ya mara 200,000 kwa sekunde moja. Hii ilikuwa mwaka 1992. Kitu kilichochukua hatua 17 kukunjwa, na ambacho fuwele lilikionyesha kimekaa kama jiwe, kumbe kikiwa huru katika kimiminika hakina upande wa ndani wa kudumu.

Mkemia Jay Siegel, akishirikiana na Kim Baldridge kwa upande wa mahesabu, alitaka kujua kasi hiyo inatawaliwa na nini. Walitengeneza koranuleni nyingi zenye vitu mbalimbali ukingoni, baadhi vikilivuta bakuli lizame zaidi na vingine vikilitandaza, wakalinganisha kina na kizingiti. Mwaka 2001 walitoa kanuni yao: kizingiti hukua kwa kipeo cha nne cha kina. Punguza kina hadi nusu, na kizingiti hakishuki hadi nusu, kinashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana mabadiliko madogo ukingoni yanaleta tofauti kubwa katika mwendo. Kundi la Peter Rabideau huko Louisiana lilikuwa limeshaongeza pete moja tu ya pembetano kwenye ukingo wa koranuleni, na kizingiti kikapanda hadi kilokalori 27 hivi. Molekuli hiyo, katika joto la kawaida, inahesabu mipinduko yake kwa miezi.

Moto wa Scott ulikuwa na kasoro moja kubwa: haupanuki. Bomba la kwatzi hupitisha miligramu, na kitu chochote dhaifu ulichokipachika ukingoni huungua. Siegel alifungua njia ya kimiminika mwaka 1996, na mwaka 2000 Andrzej Sygula na Rabideau wakaifanya iwe nyepesi kiasi cha kushangaza. Waliweka bromini nane kwenye fluoranteni iliyoandaliwa, wakaichemsha katika mchanganyiko wa maji na daioksani pamoja na kostiki soda kidogo, ile ile ya watengeneza sabuni. Baada ya dakika chache pete mbili za mwisho zilikuwa zimefungwa, na bakuli lenye bromini nne likachujwa kwa wingi. Nadhani hapa ndipo mtu angependa kuiona sura ya yeyote aliyewahi kukesha akilinda tanuru. Kufikia mwaka 2012 Siegel na wenzake walichapisha maelezo ya kutengeneza koranuleni kwa kilo.

Scott mwenyewe hakuuacha moto, kwa sababu alikuwa na kazi ambayo kostiki soda haikuiweza. Alitaka kuujenga mpira. Akiwa sasa Boston College, yeye na wenzake, akiwemo Armin de Meijere wa Göttingen, walitengeneza kitu bapa chenye kaboni 60 zote, hidrojeni 27 na klorini tatu, kila kaboni ikiwa imeshaunganishwa na jirani zake sahihi, kilichobaki ni kukunja na kushona. Kiliingia katika bomba la nyuzi 1,100. Kilichotoka kilikuwa fulereni ya atomi 60 peke yake, hakuna ya 70 wala nyingine yoyote, dalili kwamba molekuli haikuvunjika na kujikusanya upya bali ilijikunja ilivyokusudiwa. Mavuno ya hatua ya mwisho yalikuwa chini ya asilimia moja. Kama biashara, ni upuuzi. Masizi ya Krätschmer yalitoa zaidi mchana mmoja. Ilichapishwa katika Science mwaka 2002, na naona ilistahili.

Mwaka uliofuata ndipo ilipofika zamu ya Osaka. Kwenye mpira ule kuna bakuli la pili. Badala ya kuweka pembetano kitovuni, weka pembesita, uizungushie pembetano na pembesita kwa kupokezana. Unapata kaboni 21 na bakuli lenye kina zaidi. Goverdhan Mehta wa Hyderabad, India, aliipa jina molekuli hii kabla haijawahi kutengenezwa, mwaka 1993: sumaneni, kutokana na neno la Kihindi la ua. Kundi lake lilijaribu moto. Moto ulifunga pete moja au mbili na kugoma. Sababu inaeleweka: kila pete inayofungwa inaifanya molekuli iwe ngumu zaidi, na ya mwisho inatakiwa kufungwa wakati kitu kimeshakakamaa.

Hidehiro Sakurai, Taro Daiko na Toshikazu Hirao wa Osaka walirudi kwenye akili ya Ann Arbor. Walichukua vipande vitatu vya norbonadieni, molekuli ndogo iliyopinda kwa asili, wakaviunganisha kuizunguka pembesita moja, vyote vikitazama upande mmoja. Kisha wakatumia kichocheo kinachofungua pete na kuzifunga upya, madaraja ya zamani yakavunjika na mapya yakajengwa ukingoni. Mpindo ulikuwapo tangu hatua ya kwanza. Mwisho wakaondoa hidrojeni za ziada, sumaneni ikapatikana bila tanuru, katika hatua tatu. Kizingiti chake ni kilokalori 20 hivi, maradufu ya koranuleni, na hapo ndipo ukali wa namba hizi unapojitokeza: koranuleni hujipindua mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, sumaneni hukaa kwa sekunde nyingi, dakika nzima hata, kabla ya kupinduka mara moja.

Mpindo si lazima uwe wa bakuli. Pembesaba hufanya kinyume cha pembetano: pembe zake zimezidi, na karatasi badala ya kuinuka inakunjamana kama tandiko la farasi. Mwaka 2013 Scott na Kenichiro Itami wa Nagoya walianza na koranuleni, na kwa hatua mbili tu wakaizungushia pembesaba tano na pembesita nyingine. Matokeo yake yana kaboni 80 na hidrojeni 30, pete 26, bakuli katikati na mawimbi pande zote. Nayo haitulii. Kitovu kinapinduka, kingo zinapanda na kushuka kwa kufuatana. Na tofauti na grafaiti, inayeyuka vizuri katika vimiminika vingi, kwa kuwa vitu vilivyokunjamana havilaliani vizuri.

Mwaka 2014 kundi la Fraser Stoddart, Chuo Kikuu cha Northwestern, pamoja na Siegel na Baldridge, walilitia bakuli ndani ya sanduku. Sanduku lenyewe ni molekuli ya mstatili yenye chaji nne chanya, iliyoundwa ili kukumbatia vitu bapa vya jamii ya benzeni. Bakuli liliingia, likalipanua sanduku kidogo, nalo sanduku likalibana. Umbo linalofaa zaidi humo ndani ni lile ambalo koranuleni hulipitia katikati ya mpinduko, pale inapokuwa bapa kwa nukta ya muda. Kwa hiyo sanduku linapendelea kizingiti kuliko bonde, na bakuli likajipindua kama mara 10 haraka zaidi kuliko likiwa huru. Wanabiolojia watakuwa wameutambua mtindo huo. Vimeng'enya vya mwilini hufanya kazi hivyo hivyo, na mfano mdogo na safi namna hii ni nadra kupatikana.

Upande wa Kroto wa habari hii, ule wa nyota, nao ulirudi. Jamaa bapa za benzeni zinaaminika kuwa nyingi angani, lakini darubini za redio haziwaoni wengi wao, kwa sababu molekuli inayolingana pande zote haina ncha chanya na ncha hasi, na isiyo na ncha hizo haiimbi kwenye masafa ya redio inapozunguka. Koranuleni, kwa sababu imepinda, inazo. Kitovu na mdomo havilingani kwa chaji, na kipimo chake ni debai 2, karibu na cha maji. Mwaka 2005 masafa yake yalipimwa maabara. Mwaka 2009 wanaastronomia wakaelekeza darubini ya redio ya mita 30 ya taasisi ya IRAM, kwenye milima ya kusini mwa Hispania, kuelekea nebula iitwayo Mstatili Mwekundu, ambako dalili za jamii ya benzeni ni kali. Hawakuiona, waliweza tu kuweka kikomo cha juu cha kiasi chake.

Mpira ulitangulia. Mwaka 2010 Jan Cami na wenzake walisoma mwanga wa infraredi uliokusanywa na darubini ya anga ya Spitzer kutoka nebula ya Tc 1, wakakuta mistari ya atomi 60 na ya atomi 70, yote mahali ilipotarajiwa. Ilikuwa robo karne tangu wanafunzi wa Houston waongeze heliamu kwenye mtambo wao, na miaka 40 tangu Osawa aandike kwa Kijapani.